Namna ya Kuisikia Injili: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kuielewa Hasa

Muulize mtu aliyekaa kanisani tangu utotoni Injili inasema nini, na mara nyingi atakujibu: "Inatufundisha tuishi vizuri, tumche Mungu, tupendane." Hayo ni mema, na yote yamo kwenye Biblia. Lakini hajaitaja Injili. Mahubiri hajayakosa, amesikia mengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Kilichompita ni ile habari yenyewe ambayo mahubiri hayo yalipaswa kuibeba.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule ambaye hajawahi kukanyaga kanisani na angependa kujua Wakristo wanasema nini hasa kabla hajaamua lolote. Wote wawili wanahitaji kuisikia Injili kwa utulivu, mpaka waielewe kiasi cha kuikubali au kuikataa wakijua wanachokifanya. Mimi naamini kwamba ni kweli, na sitajifanya sina upande. Ila sipendi kuona mtu akiitikia "ndiyo" kwa jambo ambalo hajalisikia.

Unachohitaji ni Biblia. Kalamu na daftari. Wiki kadhaa zisizo na haraka. Na mtu mmoja anayeijua imani ya Kikristo ambaye unaweza kumuuliza bila woga. Hakuna cha kulipia. Wala huhitaji kwanza kuacha pombe, kurekebisha ndoa yako au kujifunza kusali vizuri. Ukisubiri utengemae ndipo usikie, tayari umeshaanza kuielewa vibaya.

Hatua ya kwanza: tambua kwamba unapewa habari

Fungua 1 Wakorintho 15, mistari ya 3 hadi 8. Mtume Paulo aliuandika waraka huu kama mwaka 55, miaka ishirini na kidogo tu baada ya Yesu kusulubiwa, akiwakumbusha Wakristo wa Korintho kile alichowahubiri mwanzoni. Yeye mwenyewe anasema hakukitunga, alikipokea, naye akakikabidhi: "ya kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, kama yanenavyo maandiko, na ya kuwa alizikwa, na ya kuwa alifufuka siku ya tatu, kama yanenavyo maandiko". Kisha anaendelea kuwataja waliomwona: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara (wanafunzi kumi na wawili wa Yesu), ndugu zaidi ya mia tano kwa wakati mmoja, Yakobo, mitume wote, na mwisho yeye mwenyewe.

Sasa chukua kalamu, upigie mstari kila kitenzi kinachoeleza kilichotukia. Alikufa. Alizikwa. Alifufuka. Aliwatokea. Halafu andika kando ya kila kimoja: nani alitenda, au nani alitendewa? Kila mara jibu ni Kristo. Hakuna hata kimoja kinachokuhusu wewe kama mtendaji. Mahali pekee unapotajwa ni kwenye "dhambi zetu". Ndicho tulichochangia sisi katika habari hiyo.

Usilipite zoezi hili haraka, kwa sababu ndilo linalofungua mengine yote. Mtu anayetangaza habari anakueleza kilichotokea, na anayetoa ushauri anakueleza cha kufanya. Injili ina mengi ya kukuambia ufanye, tutayafikia, lakini hayo yanakuja baada ya tangazo na yanasimama juu yake. Mtu akianzia kwenye ya kufanya, atasikia dini nzima kama orodha ya madeni.

Angalia na vipande vidogo. "Alizikwa" kunaonekana kama jambo la ziada, lakini kunafunga mlango wa wazo kwamba alizimia tu. "Kwa ajili ya dhambi zetu" kunaeleza kifo kile kilikuwa cha nini. Warumi waliwasulubisha watu wengi, na hakuna anayehubiri vifo vya wengine wale. "Kama yanenavyo maandiko" kunakuambia kwamba habari hii ina historia ndefu nyuma yake. Ukitaka kuona mfano mmoja tu, soma Isaya 53 kabla hujalala. Na wale mia tano: Paulo anaongeza kwamba wengi wao walikuwa bado hai alipoandika. Ni kama kuwaambia wasomaji wake waende wakawaulize.

Yesu mwenyewe, alipoanza kuhubiri Galilaya, alilisema kwa upana zaidi: "Wakati umetimia, na ufalme wa Mungu umekaribia, tubuni, na kuiamini Injili" (Marko 1:15). Usiyatenganishe hayo mawili. Aliyekufa na kufufuka ndiye Mfalme anayetangazwa, na msamaha anaoutoa ndio mlango wa kuingia katika utawala wake.

Hatua ya pili: isikie kwa masikio yako, kwa sauti

Wakristo wengi wa karne ya kwanza hawakuwa na kitabu mkononi. Barua za mitume zilisomwa mbele ya kusanyiko. Paulo anawaagiza Wakolosai wahakikishe barua yao imesomwa pia katika kanisa la Laodikia, na Kitabu cha Ufunuo kinaanza kwa kumtaja heri asomaye pamoja na wale wanaosikia. Maandiko haya yaliandikwa yakitarajia sikio.

Kwa hiyo soma Injili ya Marko kwa sauti, ikiwezekana kwa kikao kimoja. Ina sura 16 na ndiyo fupi kuliko Injili zote nne. Msomaji wa mwendo wa kawaida humaliza kwa saa moja na nusu hadi mbili. Ukiweza, msomeane na mtu mwingine kwa zamu. Kama Kiswahili cha tafsiri ya Union Version kinakukwaza, tumia tafsiri ya Habari Njema. Huu si wakati wa kushindana na misamiati. Asiyeona vizuri au asiyezoea kusoma atumie Biblia ya kusikiliza. Na nisisahau: wapo wasiosikia kwa masikio kabisa, nao hawako nje ya jambo hili. Biblia nzima kwa lugha ya alama ya Marekani ilikamilika mwaka 2020, na kazi ya lugha nyingine za alama inaendelea. Kusikia kunakozungumziwa kwenye Maandiko ni kufikiwa na ujumbe.

Mara ya kwanza usisimame kuchambua. Acha hadithi ipite yote. Mara ya pili, punguza mwendo katika sehemu nne.

Ya kwanza ni sura ya 2, yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini na watu wanne. Kila mtu aliyekuwa mle ndani aliona tatizo lake lilikuwa nini, na Yesu akaanza na lingine: akamwambia dhambi zake zimesamehewa. Kaa hapo. Jiulize kama wewe ungefurahi au ungekasirika kuletwa kwa ajili ya miguu ukapewa msamaha kwanza. Waandishi, yaani walimu wa sheria, waliokuwa wamekaa pale walielewa uzito wake kuliko wengi wetu, ndiyo maana walinung'unika mioyoni mwao: nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu peke yake?

Ya pili ni sura ya 8, pale Yesu anapowauliza wanafunzi wake wao wanasema yeye ni nani. Ya tatu ni 10:45, anapoeleza amekuja kutumika na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Ya nne ni sura ya 15, tangu Petro amalize kumkana usiku ule hadi pazia la hekalu linapopasuka toka juu hata chini. Ukifika sura ya 16 utaona Biblia nyingi zimeweka alama baada ya mstari wa 8. Usishtuke, nakala mbili za kale zaidi zenye sura hiyo zinaishia hapo, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu, na wachapishaji wamekuwa wakweli kwako kwa kukuonyesha.

Marko akishaisha, soma Luka 15. Tutaihitaji.

Hatua ya tatu: pima unachohubiriwa

Sasa nenda ukasikilize mahubiri, au yafuatilie redioni au mtandaoni, ukiwa na lile zoezi la vitenzi kichwani. Mahubiri yakiisha, andika sentensi moja: leo nimeambiwa Mungu amefanya nini? Ukijikuta huna cha kuandika ila orodha ya unayotakiwa kufanya, umesikia nasaha, pengine nasaha nzuri sana. Siku moja ya namna hiyo si kosa. Hakuna mhubiri anayesema kila kitu kila siku. Ikiwa hivyo mwezi baada ya mwezi, tafuta mahali pengine pa kusikilizia.

Upotoshaji ninaouogopa zaidi ni ule unaouza. "Panda mbegu upokee muujiza", maji ya baraka kwa kiasi fulani, maombi ya haraka kwa aliyetoa zaidi. Matendo ya Mitume sura ya 8 inamtaja Simoni, mchawi wa Samaria aliyebatizwa, akawaletea mitume fedha ili apate uwezo wa kumpa mtu Roho Mtakatifu kwa kumwekea mikono. Jibu la Petro ni kali kuliko tunavyozoea kumsikia mtu wa Mungu akisema: fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye, kwa kudhani kipawa cha Mungu hununuliwa. Sadaka ya shukrani ni jambo lingine kabisa, nayo ni halali. Lakini mtu akikuambia neema ina bei, amekwisha kuondoka kwenye Injili, hata kama jina la Yesu linatajwa kila dakika.

Upo pia upotoshaji wa kutisha watu tu, mhubiri akichora jehanamu kwa ustadi na msalaba akiutaja kwa kupita. Na upo ule wa kuongeza masharti, Kristo pamoja na kitu kingine. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba hata malaika kutoka mbinguni akileta injili nyingine, na alaaniwe. Ona kwamba anajihesabu na yeye mwenyewe: "sisi au malaika". Ujumbe ndio unaompima mjumbe, awe na cheo gani au karama gani.

Hatua ya nne: uliza, na uanze na swali lenye uzito

Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17 kwa sababu walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Yule Mwethiopia mwenye mamlaka wa Matendo 8, aliyekuwa akisoma Isaya garini, alipoulizwa na Filipo kama anaelewa anachosoma, alijibu kwa swali: atawezaje, mtu asipomwongoza? Hakuna aliyemkemea kwa kutokuelewa. Mtu akikuambia kuuliza ni kukosa imani, anakunyima haki ambayo mitume waliwapa wasikilizaji wao.

Andika maswali yako yote daftarini, ila usiyajibu kwa mpangilio yaliyokujia. Wengi huanzia pembeni, kwenye umri wa dunia, au Kaini alimpata wapi mke, au kwa nini madhehebu ni mengi, na hukaa huko miaka. Paulo mwenyewe ameshakuonyesha mahali pa kuanzia: kama Kristo hakufufuka, basi kuhubiri ni bure na imani ni bure. Nyumba yote imewekwa juu ya nguzo hiyo moja, na amekupa ruhusa ya kuitikisa. Basi soma simulizi za ufufuo katika Injili zote nne. Angalia kwamba wa kwanza kuleta habari ni wanawake, na Luka haoni haya kuandika kwamba mitume waliyaona maneno yao kuwa upuuzi, wasiwaamini. Waliotangaza ufufuo walianza kwa kuukataa. Waulize Wakristo unaowaamini wakueleze kilichowabadilisha watu wale.

Maswali mengine yana machozi ndani yake, hasa ya mtu aliyezika mtoto au aliyeumizwa na mtumishi wa kanisa. Hayo hayajibiwi kwa hoja ya dakika tano. Mtafute mtu anayeweza kukaa nawe, na usikubali kuharakishwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba Injili ya Marko inamwonyesha Yesu mwenyewe akilia msalabani akiuliza kwa nini Mungu wake amemwacha. Swali lako si geni kwake.

Hatua ya tano: ruhusu habari ikugeukie

Mpaka hapa umekuwa ukiichunguza. Inafika saa inaanza kukuchunguza wewe, na wengi huinuka na kuondoka papo hapo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua uko katika 2 Samweli 12. Mfalme Daudi amemchukua Bathsheba, mke wa Uria, kisha amempanga Uria auawe vitani. Mambo yametulia. Nabii Nathani anakuja na kisa cha watu wawili wa mji mmoja. Tajiri ana kondoo na ng'ombe wengi. Maskini ana mwana-kondoo jike mmoja tu, aliyemlea pamoja na watoto wake, anayekula katika tonge lake na kulala kifuani pake. Mgeni anamjia tajiri, na tajiri anamchukua yule mwana-kondoo wa maskini, anamchinjia mgeni. Daudi anasikiliza kila neno. Anaelewa, anakasirika, anatoa na hukumu: mtu huyo anastahili kufa. Alisikia vizuri mno, isipokuwa alidhani kinachosemwa ni cha mtu mwingine. Ndipo Nathani akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Kati ya sentensi hiyo na jibu la Daudi, nimemfanyia Bwana dhambi, ndipo kusikia kulipotokea. Yote ya kabla yalikuwa maandalizi. Siku ya Pentekoste ilikuwa vivyo hivyo: umati ulimsikiliza Petro mpaka alipofika kwenye "Yesu huyu mliyemsulubisha ninyi", wakachomwa mioyo yao, wakauliza, "Tutendeje, ndugu zetu?" Siku hiyo walibatizwa watu wapatao elfu tatu.

Kwa vitendo, fanya hivi. Rudi Luka 15. Usiisome kama habari ya vijana walioharibika. Wale wana ni wawili. Mdogo ametapanya mali, na mkubwa amebaki nyumbani, hakuvunja amri hata moja, lakini kumbe moyoni anajiona mtumwa anayedai mshahara. Baba anatoka nje kuwaendea wote wawili. Andika daftarini wewe ni yupi leo, na uandike kwa mifano ya mambo uliyoyafanya, ukitaja matendo yenyewe. "Mimi ni mwenye dhambi kama kila mtu" haiumi, ndiyo maana ni rahisi kuiandika. Taja lile ambalo ungependa daftari lisionwe na mtu. Kisha, na hili ni la lazima, rudi usome tena 1 Wakorintho 15:3 ukiweka jambo hilo mahali pa "dhambi zetu". Ukiishia kwenye kuchomwa bila kurudi msalabani, umesikia nusu, na nusu hiyo peke yake inaweza kumkatisha mtu tamaa.

Waliolelewa kanisani ndio hatua hii huwachukua muda. John Wesley alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza tangu 1728 na alikwisha kusafiri hadi Georgia, Amerika, kuwahubiria wengine. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, kwenye mkutano mdogo katika Aldersgate Street, London, aliokwenda bila kutaka sana, mtu alikuwa akisoma utangulizi wa Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi. Wesley aliandika katika shajara yake kwamba ilikuwa kama saa tatu kasorobo usiku alipohisi moyo wake umepata joto la ajabu, akajua anamtumaini Kristo peke yake, na kwamba Kristo ameziondoa dhambi zake, naam, zake yeye. Elimu ya dini alikuwa nayo tele. Usiku ule ikamgeukia.

Hatua ya sita: linda ulichosikia

Yesu alieleza mwenyewe, katika Marko 4, kwa nini neno moja huwa na matokeo tofauti kwa wasikilizaji tofauti. Sihitaji kurudia mfano mzima wa mpanzi, ambaye mbegu zake, yaani neno, ziliangukia njiani, penye mwamba, kwenye miiba na kwenye udongo mzuri. Nitasema jinsi ya kuutumia.

Neno lililoanguka njiani huondolewa mara moja. Kwa hiyo dakika za mara baada ya kusikia ndizo za kulinda. Kabla hujashika simu, kabla hujaanza mazungumzo mengine, andika ile sentensi yako moja na mweleze mtu mmoja.

Penye mwamba hupokelewa kwa furaha, ila mizizi hakuna. Ndiyo sababu sipendi kumwona mtu aliyesikia jana akisimamishwa leo kutoa ushuhuda mbele za watu. Mpe nafasi ahesabu gharama, kama Yesu mwenyewe alivyoagiza katika Luka 14: ndugu zake watasemaje, kazi yake itaguswa vipi, nani hatamwelewa. Furaha ya mwanzo ni zawadi, na haijapimwa bado.

Miiba ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu haipigi kelele. Yesu aliitaja kuwa shughuli za dunia, udanganyifu wa mali na tamaa za mambo mengine. Mtu wa miiba hajawahi kukataa kitu. Anakubali, anaitikia amina, anapanga kulifanyia kazi akipata nafasi. Liwali Feliki alimsikia Paulo akizungumza juu ya haki, kiasi na hukumu itakayokuja, akaingiwa na hofu, akamwambia aende zake, akipata nafasi atamwita. Alimwita tena mara nyingi, akitumaini kupewa fedha, miaka miwili ikapita, na Paulo akabaki kifungoni. Kwa hiyo shika kalenda yako, weka siku na saa ya kuirudia habari hii, na uiheshimu kama unavyoheshimu miadi ya daktari.

Hatua ya saba: itikia

Injili inadai jibu. Petro alipoulizwa "tutendeje" alikuwa nalo tayari: tubuni, mkabatizwe. Paulo naye anasema: "ukimkiri Yesu kwa kinywa chako ya kuwa ni Bwana, na kuamini moyoni mwako ya kuwa Mungu alimfufua katika wafu, utaokoka" (Warumi 10:9).

Kutubu ni kugeuka, na kunaonekana. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, alitoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kuwarudishia mara nne aliowanyang'anya. Lakini soma utaratibu wake katika Luka 19: Yesu alijialika nyumbani kwake kwanza, mbele ya watu walionung'unika, ndipo mkono wa Zakayo ukafunguka. Alirudisha kwa sababu alikwisha kupokelewa.

Kuamini ni kumtegemea Kristo kwa lile alilolifanya, ukaacha kutegemea rekodi yako, nzuri au mbaya. Wengi huongozwa sala ya toba, na wengi wamekutana na Mungu kwa njia hiyo. Lakini usidhani kuna maneno maalumu yenye nguvu. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisema tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", naye akashuka nyumbani amehesabiwa haki. Baba wa kijana mwenye pepo alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na Yesu hakumrudisha akaongeze imani kwanza. Kama hiyo ndiyo sala pekee unayoweza kuisema kwa ukweli leo usiku, isali hiyo.

Kuhusu hisia: wengine hulia, wengine hupata amani kubwa, wengine hawahisi kitu na kesho yake wanaamka kama kawaida. Usipime wokovu kwa machozi. Lidia wa Thiatira, muuza rangi ya zambarau, Maandiko yanasema tu Bwana aliufungua moyo wake akayatunza maneno ya Paulo. Mlinzi wa gereza, katika mji uleule wa Filipi, alikuja akitetemeka baada ya tetemeko la nchi. Wote wawili waliokoka.

Kuhusu ubatizo, zungumza na mchungaji au padre mapema. Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana hubatiza na watoto wachanga. Wabaptisti na Wapentekoste hubatiza wanaokiri imani wenyewe, kwa kuzamishwa. Katoliki humpitisha mtu mzima katika mafundisho ya ukatekumeni, na ubatizo wake kwa kawaida hufanyika Mkesha wa Pasaka. Usikubali tofauti hizo zikufanye usibatizwe popote. Mwethiopia wa Matendo 8 alipoona maji njiani aliuliza ni nini kinachomzuia.

Na kama baada ya yote haya jibu lako ni "bado", liseme hivyo hivyo. Paulo alipohubiri kule Athene, wengine walidhihaki, wengine wakamwambia watamsikiliza tena, na wachache, Dionisio na Damari miongoni mwao, wakaamini. Ila uliyesema utasikiliza tena, weka tarehe.

Baada ya hapo: endelea kuisikia

Paulo aliwaandikia waumini wa Rumi, watu ambao tayari walikuwa wameamini, kwamba ana hamu ya kuihubiri Injili kwao pia. Mkristo haivuki Injili akaenda kwenye masomo ya juu zaidi. Anaingia ndani yake. Tafuta kanisa ambalo Kristo aliyesulubiwa na kufufuka anatangazwa mara kwa mara, Meza ya Bwana inaadhimishwa, fedha zinatolewa hesabu, na viongozi wanaweza kuulizwa. Lisilo na dosari hulipati, kwa hiyo usipoteze miaka ukilitafuta.

Kisha soma Waraka kwa Warumi, sura moja kwa siku, na lile zoezi la vitenzi liendelee. Sura 11 za kwanza zinajengwa hasa juu ya alichofanya Mungu: alivyoifunua haki yake, alivyomtoa Mwanawe, alivyotuhesabia haki, alivyotufanya wana. Maagizo yanaanza kuchungulia katika sura ya 6, lakini mlango mkubwa unafunguka sura ya 12, "kwa huruma zake Mungu, itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai". Hapo ndipo yanapokaa yale yote ambayo mtu wetu wa mwanzo aliyaita Injili: kuishi vizuri, kumcha Mungu, kupendana. Sura za 12 hadi 16 usizisome peke yako. Zisome na wenzako wawili watatu wa kanisani, kwa sababu maagizo yake mengi hayatekelezeki na mtu mmoja: pendaneni kwa pendo la udugu, wakaribisheni wageni, lieni pamoja nao waliao. Chagueni moja kila mkimaliza kusoma, mkubaliane mtalifanya kwa nani, na mkikutana tena mwanze kwa kuulizana limefanyika au la.